Ndege wa Mgongoni mwa Sifa

Siku niliyokata kikwembe cha Sifa nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanangu, na nilijiona nimeshajua kila kitu. Naikumbuka vizuri, na naikumbuka kwa furaha, ingawa mchana ule nililia mpaka pua ikaziba. Kaa hapa karibu nikuelezee. Wewe nawe umeanza kushika mkasi, na ni vizuri uisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka nchi yetu ilipoitwa Zaïre. Kwenye karatasi ya ubatizo niliandikwa Agathe, lakini serikali ilikuwa imesema tuache majina ya Wazungu, nikabaki Nsimire, jina nililopewa na bibi yangu. Wanaume wa ofisini walivaa abakosti, lile koti lisilohitaji tai. Wanawake tulivaa vikwembe, yaani vitenge, kwa sababu suruali na wigi vilikuwa vimekatazwa. Hata maarusi wengi waliingia kanisani na kikwembe badala ya kanzu nyeupe. Kwa sisi washonaji wa Bukavu ilikuwa neema, maana mashini zetu hazikupoa.

Nilikuwa nashona katika atelie, chumba cha ushonaji cha Muzee Cirhuza, mtaani Kadutu, juu kidogo ya soko. Kabla ya hapo nilisafiri miaka mitatu na tonton wangu, kaka ya mama, aliyekuwa dereva wa lori. Mimi nilimpikia njiani. Tulishuka Uvira, tukavuka mpaka Bujumbura, tukaenda Goma, tukaingia msituni hadi Shabunda, ambako gari lilikwama kwenye matope siku nne tukala ndizi za kuchoma asubuhi na jioni. Kila tulipofika, tonton akijilaza kupumzika, mimi nilikwenda sokoni kutafuta vitambaa.

Uvira nilipata kanga zilizovuka ziwa kutoka Kigoma. Bujumbura nilipata kile kitambaa chepesi ambacho wanawake wanajifunga begani siku za sherehe, kinapepea hata pasipo na upepo. Goma muuza maziwa mmoja alinikatia kipande cha bluu kutoka kwenye nguo ya kubebea mtoto wake, kwa sababu nilikisifu mara tatu. Na Shabunda kulikuwa na muzee aliyefuma nguo kwa nyuzi za rafia mbele ya mlango wake. Nilikaa naye nusu siku nikimwangalia vidole. Aliniachia kipande kimoja cha rangi ya mchanga, nami nikamwachia sabuni zangu zote.

Vyote nilivitia katika sanduku la bati, na sanduku nikaliweka chini ya meza yangu pale atelieni. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Dada yangu aliniomba kipande kidogo amfunge mtoto wake siku ya ubatizo, nikamnyima. Nilisema vile ni vya siku kubwa. Siku kubwa gani, hata mimi sikujua. Nilikuwa navitoa, navikunjua, navinusa, navirudisha.

Sasa Sifa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana mpole wa nyumba moja ya mtaa wa Ibanda. Baba yake, karani, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kaka yake alifanya kazi Kinshasa na hakupata ruhusa ya kuja arusini, basi akatuma kikwembe. Kilikuwa kijani, na juu yake ndege wekundu wanapaa, kila mmoja mkubwa kama kiganja. Mama yake alikileta kwangu na kunipa kwa mikono miwili.

"Hii kikwembe ndiyo itasimama pahali pa baba yake na pa kaka yake," aliniambia. "Ushone pole pole, mutoto wangu."

Sikushona polepole. Jumanne ile Muzee Cirhuza alikuwa ametoka kutafuta vifungo. Wenzangu wawili walikuwa wananitazama, nami nikataka waone jinsi Nsimire anavyokata. Nikakikunja kitambaa haraka, ncha ya chini juu ya ile ya juu, nikachora kwa chaki bila kukikunjua kwanza na kukiangalia. Mkasi ukapita. Nikakata blauzi, ile tunayoita libaya, nikakata na sketi, nikamaliza kitambaa chote.

"Uko na mukono kweli," wenzangu walisema. Nikacheka.

Nilipobandika vipande kwa pini juu ya meza ndipo nikaona. Kitambaa chenye picha inayoelekea upande mmoja hakikunjwi vile, mwanangu. Ukikikunja vile, nusu inasimama na nusu inapinduka. Ndege wa mbele walikuwa wanapaa. Wa mgongoni, wote, walikuwa kichwa chini kama wamepigwa jiwe. Na hakikubaki kitambaa hata cha kushonea mfuko.

Nilikaa chini nikalia. Halafu, nikuambie ukweli, kabla hata machozi hayajakauka nilianza kupanga uongo. Ningesema kikwembe kilitoka Kinshasa na kasoro. Mama wa Sifa hakuwa mshonaji, angejuaje?

Muzee Cirhuza akaingia na vifungo vyake. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo, na sura zetu alizisoma tangu mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Nsimire, hawa ndege ya nyuma wanaenda wapi?"

"Kilikuja vile, Muzee. Kule walikitengeneza ndiyo walikosea."

Alivaa miwani, akaangalia alama zangu za chaki, akaivua. Aliwaambia wenzangu waende wanywe chai. Tulipobaki wawili alikaa mbele yangu.

"Mimi nilishonaka abakosti ya shefu mumoja," alisema, "nikaweka mikono mbili za kushoto. Zote mbili. Unajua nilimuambia nini? Nilimuambia nguo iko sawa, ni mukono yake ndiyo haiko sawa."

Nilitaka kucheka lakini yeye hakuwa anacheka.

"Alinifukuza mbele ya watu. Na alifanya vizuri. Juu ya mikono angenisamehe, juu ya uongo hapana." Aligonga kidole kwenye chaki. "Wewe haukuangalia kitambaa. Uliangalia kama wenzako wanakuangalia. Sasa kusanya hizi vipande, enda Ibanda, umuambie yule maman kwa mudomo yako mwenyewe. Na usiende mikono mitupu. Beba lile sanduku."

"Muzee, vile ni vya siku kubwa."

"Siku kubwa iko Jumamosi," alisema. "Ni ya Sifa."

Nilijitwika sanduku la bati kichwani nikateremka kutoka Kadutu, jua la mchana linanichoma, na kila hatua nilitamani njia iwe ndefu zaidi. Nilimkuta mama wa Sifa anachambua maharage kwenye baraza, Sifa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Nilipiga magoti nikatandika vipande mbele yao, mgongo juu, nikasema: "Maman, mimi ndiye niliharibu. Nilikata kwa haraka."

Yule mama hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana. Aliokota kipande kimoja cha mgongo, sinia la maharage limelala mapajani.

"Mutoto wangu wa Kinshasa nitamuambia nini?" aliuliza.

"Utamuambia jina langu, Maman. Lakini kwanza niache nijaribu kutengeneza."

"Na kitambaa gani?"

Nikafungua sanduku. Nilitoa kanga za Uvira, nikatoa kile chepesi cha Bujumbura, nikatoa bluu ya Goma na rafia ya Shabunda. Nilivitandika kimoja kimoja sakafuni, vitu ambavyo nilimnyima hata dada yangu. Sifa aliacha madaftari yake akaja kuchuchumaa. Alikuwa hajawahi kufika mbali kuliko Walungu, mwendo mfupi kutoka Bukavu. Alishika rafia akauliza inatoka wapi, nikamsimulia yule muzee na vidole vyake. Alishika bluu, nikamsimulia muuza maziwa. Nilisimulia mpaka nikasahau kuogopa.

Sifa alirudi kwenye ule mgongo uliopinduka, akapitisha kidole kumzunguka ndege mmoja.

"Nsimire," alisema, "hauwezi kuwakata hawa mumoja mumoja, ukawageuza?"

Mwanangu, hapo niliona nguo nzima pale sakafuni. Mbele ingebaki kama ilivyo, ya kijani, na ndege wanaopaa. Mgongo ningeushona kwa vitambaa vyangu vya safari, kila kimoja na pahali pake, na wale ndege walioanguka ningewakata, niwasimamishe, niwashone juu yake waruke kutoka kitambaa hiki kwenda kile.

Mama wa Sifa alimtazama binti yake. Kisha akaniambia, "Ijumaa jioni nataka kuiona."

Jumatano asubuhi Muzee Cirhuza aliweka kando abakosti zilizokuwa zinamngoja. Alichukua mkasi mdogo akaanza kukata ndege, akizunguka bawa na mkia kama daktari. Nilituma mtu amwite dada yangu, akaja na mtoto mgongoni, akakaa kupinda kingo kwa sindano ya mkono. Hakutaja hata mara moja kile kipande nilichomnyima. Aibu niliyoisikia ilinitosha. Nilikata upande mzuri wa kanga moja, ule wenye maua, nikaufunga kwenye mgongo wake na mtoto ndani. Tulicheka wote wawili, na kazi ikaenda.

Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilikunjua kila kitambaa nikakiangalia mbele na nyuma kabla ya kugusa mkasi. Kile cha Bujumbura kiliteleza, ilibidi nikishone juu ya karatasi. Rafia ilikuwa ngumu, ikavunja sindano mbili, mwisho nikaiweka chini kabisa kwenye pindo la sketi ili uzito wake uivute nguo iteremke vizuri. Ijumaa, jua likiwa bado juu, Sifa aliivaa sebuleni kwao. Mama yake alimzungusha mara moja, mara mbili. Kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Jumamosi nilikaa viti vya nyuma kanisani, maana bado niliogopa macho ya watu. Sifa aliingia ameshikwa mkono na baba yake mdogo. Watu waliona mbele kwanza, kijani nzuri, ndege wekundu, wakatikisa kichwa kukubali. Halafu alipita, na wakaona mgongo.

Nilikuwa sijafikiria jambo moja, mwanangu. Bibi arusi anasimama akiielekea altare. Misa nzima, kanisa zima linamtazama mgongo.

Mnong'ono ulianza kwenye viti vya mbele ukaja mpaka kwetu. Mama mmoja karibu yangu alisema, "Angalia, ile ni kanga ya Uvira," na mwenzake akasema, "Na ile inatoka Burundi, mimi najua." Ndege walikuwa wanapanda kutoka kwenye pindo la Shabunda mpaka mabegani, na kila Sifa alipovuta pumzi walitikisika. Kabla ya mahubiri, mama yake aligeuka akanitafuta kwa macho. Aliponiona alinyoosha mkono akanionyesha nafasi kando yake, kwenye benchi la wazazi. Nilipita katikati ya kanisa mbele ya watu wote, nikakaa pale, nikalia tena, lakini kilio cha namna nyingine.

Walipotoka nje, ngoma na vigelegele vilijaa kiwanja. Mpiga picha alitaka kumpiga mbele, Sifa akakataa mpaka ampige kwanza mgongo. Picha ile ndiyo ilikwenda Kinshasa. Kaka yake alijibu kwa barua, mama yake akaja nayo atelieni tuisome pamoja. Aliandika kwamba yeye alituma ndege, na sisi tumewapa pahali pa kwenda.

Jumatatu ile baada ya arusi, wanawake walijipanga kwenye mlango wa Muzee Cirhuza kuanzia barabarani. Kila mmoja alitaka nguo ya safari. Wengine walileta vitambaa vya mama zao waliofariki, vilivyokaa sandukuni miaka mingi. Tangu siku ile sikusafiri tena bila kurudi na kipande, na hakuna kipande kilichomaliza mwaka bila kuwa nguo ya mtu. Nimeshona hivyo mpaka vidole vikakataa, na wasichana niliowafundisha, wa hapa mjini na wa Walungu na wa Lwiro, wanashona bado.

Basi, mwanangu, nakuambia wazi. Ukiharibu, nenda mwenyewe ukaseme, siku ile ile, kabla mtu mwingine hajagundua. Utatetemeka, lakini ni hapo watu wataanza kukusaidia kutengeneza. Kazi ya mtu ukiishika, iangalie yenyewe, acha wanaokutazama. Na kitu kizuri ulichokiokota katika safari zako, kiwe kitambaa, kiwe ujuzi, usikifungie. Kitoe wakati kuna mwenye kukihitaji mbele yako.

Mungu akupe njia ndefu na miguu ya kuiweza. Akupe macho ya kuona kizuri katika soko la wageni, na mkono usiosita kukigawa. Watu wavae kazi yako siku zao za furaha, na jina lako walitaje wakiwa wanatabasamu. Enda na amani.