Chungu cha Jumamosi

Nakumbuka jioni moja ya ukungu, miaka ile chai ilipokuwa bado ngeni katika mashamba yetu ya juu hapa Embu, niliporudi nyumbani na nusu mkate kwapani nikajiona baba kamili. Mwanangu, keti kidogo hapo ulipo, usikate simu. Najua una haraka. Siku hizi nyote mna haraka. Lakini jioni hiyo ndiyo iliyonilea, na nataka kuishukuru wewe ukisikia.

Mama alikuwa ametutoka mwaka huo, akimfuata baba. Tulibaki watatu: mimi Njue, kifungua mimba, dada yangu Wawira, aliyekuwa bado katika madarasa ya chini, na Ireri, kitinda mimba, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Niliacha shule nikaanza kuchuma chai, yetu kidogo na ya majirani nyingi. Baba mdogo, aliyekuwa amehamia Kiambere kule chini kwenye joto, alikuwa ametamka neno lake: "Maharagwe yakishavunwa, nitakuja. Nikiona umeshindwa, Ireri atakuja kwangu kuchunga mbuzi, na Wawira ataenda kwa shangazi yenu kulea watoto." Hakusema kwa ubaya. Ila nilijua kwamba tukitawanyika, shule yao imeisha, na pengine undugu wetu nao. Basi nilifanya kazi kama punda wa kuteka maji.

Sasa kuna jambo ambalo ninyi wa leo huenda mkalicheka. Nilikuwa nimetoka jandoni miezi michache tu kabla mama hajafa. Kwetu kijana akishatahiriwa, jiko ni mwiko kwake. Yale mawe matatu ni ya mama na dada zake. Yeye hungoja sahani nje. Kwa hiyo mimi nilileta mkate. Asubuhi mkate na chai ya rangi, jioni chai ya rangi na mkate. Ghala la mama lilikuwa na mahindi na maharagwe, lakini Wawira hakuweza hata kuinua chungu kikubwa.

Jioni hiyo nilimkuta Cucu Marigu, bibi wa boma la jirani, ameketi kizingitini petu, Ireri amelala mapajani pake. Pembe za midomo ya mtoto zilikuwa zimepasuka. Ndani, Wawira alikuwa akipuliza kuni mbichi huku machozi yanamtoka, sijui kwa moshi au kwa uchovu.

"Njue," Cucu akaniita, "hiyo kitu kwapani ni nini?"

"Ni mkate, Cucu. Nimetoka kazini."

"Mkate tena. Na mahindi ya mama yako unawekea panya?"

"Hakuna mtu wa kupika, Cucu."

"Hakuna mtu?" Akanipima kwa macho kutoka utosini hadi kwenye matope ya miguu. "Na huyu amesimama hapa ni mti?"

Nikajikaza. "Cucu, mimi ni mwanaume. Nimetahiriwa."

"Hiyo nilisikia, nyimbo zilifika mpaka kwangu. Kisu kilikata kile kilitakiwa kukatwa. Mikono sikusikia ikitajwa."

Wawira, katikati ya moshi wake, akaangua kicheko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, na nadhani ni kicheko hicho, zaidi ya maneno ya Cucu, kilichonisukuma kuvuka mlango wa jiko.

Cucu hakutupikia, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Angeweza kutuletea bakuli la nduma, tukashiba siku ile na kulala njaa siku ya pili. Badala yake aliniambia nioshe chungu. Akanionyesha kuloweka mahindi na maharagwe Ijumaa, na kukibandika chungu Jumamosi asubuhi juu ya gogo nene lenye moto wa polepole. "Chungu hakitaki macho yako," aliniambia. "Kinataka gogo nene. Weka, nenda ukafue nguo zako, rudi uongeze maji." Chumvi isitiwe, ili githeri, ndio mchanganyiko huo, isichache upesi. Ikiiva imwagwe kwenye ungo, ipoe kabisa. Kila jioni nachota ya siku hiyo, nakaanga kwa kitunguu na majani ya malenge yaliyo nyuma ya nyumba. Inayobaki naichemsha tena. Baadaye nikajifunza kufungasha kidogo kwenye mkebe, nikaenda nayo shambani, nikala saa sita kama binadamu badala ya kuanguka usingizini jioni kama gunia.

Tena alinikataza kuchuma chai Jumapili. Nikamwambia nitapoteza. Akaniambia, "Hata ng'ombe wa maziwa hukamuliwa akaachwa." Jumapili tukaenda kanisani, kisha nikalala mchana, na Jumatatu kapu langu lilijaa mapema kuliko la wenzangu.

Usidhani walininyamazia. Kijiji hakina pazia. Kwenye kituo cha chai, vijana tuliotahiriwa pamoja walinibandika jina.

"Mama Ireri! Leo umetupikia nini?"

"Githeri," nikajibu. "Na wewe umepikiwa nini?"

Jamaa akajifanya anapanga kapu lake. Alikuwa amekuja kazini na tumbo tupu, akingoja mama yake arudi sokoni. Kabla ya msimu kwisha, huyo huyo alikuwa akija kwangu Jumamosi, anajificha nyuma ya mlango, akiuliza maji huongezwa wakati gani.

Maharagwe yakavunwa. Baba mdogo akaja kama alivyoahidi, na gunia tupu begani la kubebea nguo za watoto. Alikaa, akanywa maji, Wawira akampa sahani. Akala akamaliza. Akaomba tena.

"Wawira, mwanangu, umejua kupika namna hii?"

"Si mimi. Ni Njue."

Akageuka akanitazama. "Wewe? Mwanaume mzima?"

"Mimi, baba mdogo."

Nilingoja anikemee. Akamwita Ireri, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua ndama. Midomo ilikuwa imepona na mashavu yamerudi. "Niliambiwa hawa watoto wanalala na chai ya rangi," akasema. "Aliyeniambia sasa ataniona." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, siku hiyo nilipona kweli. Lile gunia lilirudi Kiambere limejaa nduma, na ndugu zangu wakabaki nyumbani, wakasoma wote wawili.

Krismasi iliyopita Wanja, binti ya huyo Ireri, alitutembelea. Anafanya kazi ofisini mjini Embu, amepanga nyumba nzuri mtaa wa Majimbo. Alikuwa amekonda, na vidonge vya tumbo mkobani.

"Kazi ni mob, haziishi, baba mkubwa. Nikifika nyumba naagiza tu chips."

"Na gesi huna?"

"Iko, imejaa. Sijaiwasha tangu nihamie."

Nikacheka, nikakumbuka ghala la mama na panya wake. Nikamwambia haya ninayokuambia wewe. Mchumia juani hulia kivulini, lakini ninyi mnachumia juani na hata kula hamli.

Mwanangu, kuwa na shughuli nyingi si aibu. Mimi nilikuwa nazo kabla sijaota ndevu. Lakini usiruhusu kazi ikutoe jikoni kwako. Teua siku moja, bandika chungu chako, na wakati kinachemka fua, fagia, mpigie mama simu. Beba chakula chako bila kuona haya, atakayekucheka atakuja kukuuliza umepikaje. Simu ilale sebuleni, wewe ulale chumbani. Pumzika siku yako ya kupumzika. Na umjue jirani yako kwa jina, kwa maana mkono mmoja haulei mwana, na hakuna bosi atakayekuja kuketi kizingitini pako kukuuliza kwa nini midomo yako imepasuka. Kwangu alikuja Cucu Marigu. Mungu amlaze pema.

Wazee wetu walibariki kwa kutemea mate kidogo kifuani. Wewe uko mbali, basi pokea kwa maneno: mikono yako ipate kazi, kazi yako isile mwili wako, chungu chako kisikose cha kuchemka, na yeyote atakayekuja kwako na gunia tupu aondoke limejaa.