Mkia wa Mnyoo wa Mwenzangu

Nilimwonea wivu tangu siku alipoingia darasani kwetu, kidato cha tatu, wala sikuona sababu ya kuuficha. Baba yake alikuwa bwana mifugo aliyehamishiwa Mbulu kutoka Tanga. Msichana alikuja na viatu vya ngozi na Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. Mimi, binti wa wakulima wa Maretadu, nikifungua mdomo darasa zima lilijua nimetoka shamba gani.

Nilimzidi kitu kimoja tu, biolojia. Na mwalimu wa biolojia alikuwa ametangaza kwamba atakayetunza vizuri minyoo bapa atakabidhiwa ufunguo wa maabara, awe msaidizi wake hadi tumalize shule. Ufunguo ule niliutaka kuliko nyama ya Jumapili.

Minyoo tuliitega kijitoni kwa kipande cha ini kilichofungwa uzi. Ilikuwa midogo, ya kahawia, yenye macho mawili ya makengeza. Mwalimu alisema ukiukata mmoja vipande viwili, kila kipande hujijenga upya kikawa mnyoo kamili, na ndiyo maana wataalamu huifuga: wanataka kujua mwili unajuaje kilichopungua. Mwenzangu aliitia yake kwenye chupa ya jamu. Mimi chupa sikuwa nayo. Nilichukua kibuyu cha nyumbani, nikakisugua ndani kwa mkaa, kama mama alivyofanya ili maziwa yasiharibike. Nikajua nimempiga bao. Asubuhi minyoo yangu yote ilikuwa imekufa, maji yananuka moshi.

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. "Hapa hatugandishi maziwa!" Kisha akamgeukia yule msichana. "Hii ni nchi ya Ujamaa. Hakuna mnyoo wa mtu binafsi. Mgawie mwenzio."

Msichana akakata mmoja kwa wembe. Kichwa akabaki nacho, mimi akanitilia mkia kwenye kikombe cha bati. "Pole, dada yangu," alisema, na pole ile ilinichoma kuliko kicheko cha mwalimu.

Nikaulea mkia ule kwa hasira. Niliubadilishia maji ya kijito, nikaufunika usipigwe na jua. Ukaota ncha nyeupe, ncha ikawa kichwa, kichwa kikapata macho, makengeza yale yale. Nikaulisha ini hadi ukawa mnene kuliko wa kwake.

Siku ya ukaguzi mwalimu aliinamia kikombe. "Huu ni wa nani?"

Nilisubiri yule msichana adai ni wake, maana ulitoka kwake. Moyoni nilikuwa nimeshamwandalia matusi.

"Ni wa huyu, mwalimu," alisema, akinionyesha. "Mimi nilimpa mkia tu. Kichwa amekilea mwenyewe."

Nikakabidhiwa ufunguo. Darasa likapiga makofi, yeye akapiga kwa nguvu kuliko wote, tena anatabasamu. Nilimwambia asante. Wivu wangu ulizidi tangu siku ile, kwa sababu nilijua kwamba mimi nisingesema vile.