Onyesho la Tisa Kwenye Karatasi ya Kukatia

Mimi nakata mara moja. Fundi wa kupima, kupima tena, kuchora, kufuta na kusoma dua kabla hajashika mkasi, huyo aende akauze vitunguu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema dukani kwangu Mayfair, mbele za wateja, na sikuwa natania. Tangu nitoke Tanga mwaka 2009 nikaja Johannesburg, sikuwahi kuharibu kitambaa cha mtu. Nilichokuja kuharibu ni tamthilia.

Mwenye tamthilia alikuwa mpangaji wa chumba cha juu ya duka langu, mwanamke wa Kituruki wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mvuta sigara asiyejificha. Siku ya kwanza alishuka nimpunguzie sketi kiunoni. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema, "Naandika." Nikamuuliza, fomu za ukimbizi? Maana mtaani kwetu walikuwepo watu wa kazi hiyo, wanakujazia fomu za watu wa uhamiaji nawe unakwenda kupanga foleni. Alicheka mpaka akakohoa, akashika meza yangu asianguke.

Tuliongea Kiingereza, chake cha vitabuni na changu cha dukani, na maisha yake niliyapata kidogokidogo huku nimebana pini mdomoni. Alianza kuandika michezo akiwa mwanafunzi Ankara, kwenye ukumbi usio na joto, wanafunzi wanaigiza na makoti. Akaenda kwenye redio. Kisha zikaja riwaya, tano, na ya tatu ndiyo iliyompa jina. Huko Izmir watu walikuwa wakimsimamisha njiani kumlaumu kwa nini amemuua babu wa kwenye kitabu, mzee wa watu hana kosa. Hayo alinisimulia kwa raha, kama mtu anayesimulia harusi yake.

Alikuja hapa mwaka 2015, chuo kimoja kilimwalika kwa mwaka mmoja. Mwaka haujatimia vizuri, mambo ya kwao yakachafuka. Rafiki zake wakakamatwa, vitabu vyake vikaondolewa madukani, gazeti alilokuwa akiliandikia likafungwa. Mwaliko ukaisha, pasipoti nayo ikaisha, na ubalozini kwao wakamwambia aende akaitafute nyumbani. Aende nyumbani! Ndipo akahamia juu yangu. Na tangu siku hiyo hakuandika hata mstari mmoja, mwaka mzima. "Nimekauka, fundi," aliniambia, anakunywa chai ya sturungi kwenye kikombe changu. Sikujua namna ya kumfariji mtu wa vitabu, nikamwambia aandike hata upuuzi, nani atakayejua, hakuna anayesoma Kituruki Mayfair yote.

Kilichomrudisha ni karatasi ya kaki. Mafundi tunainunua mabunda marefu, unaichora mkono, kola, mgongo wa gauni, unaikata, halafu ndiyo unaiweka juu ya kitambaa. Asubuhi moja mwaka 2017 alinikuta nimeitandaza mezani, akasimama anaipapasa. Akaomba kipande chenye urefu wake mwenyewe. Jioni yake nikapanda juu kumpelekea maandazi, nikakuta amekibandika ukutani, anaandika kwa penseli amesimama, anarudi nyuma, anasogea, anaongea peke yake. Akaniambia kule Ankara walikuwa na nakala moja tu ya mchezo, kwa hiyo waliiandika ukutani ili wote waione. "Kwenye karatasi ndogo watu wangu wanakaa tu kwenye viti," akasema. "Hapa wanatembea."

Basi tukawa na utaratibu wetu. Onyesho moja, karatasi moja. Likimharibikia, analichora msalaba mkubwa wa kalamu nyekundu, ananiletea, nami nalikatia nguo. Hakuna kinachopotea. Nusu ya madera ya Mayfair mwaka ule yalikatiwa kwenye maonyesho aliyoyakataa. Nilikuwa namtania nikimuona mteja wangu anapita barabarani: dada, huyo anakwenda na watu wako mgongoni. Na yeye anauliza, wanamkaa vizuri?

Mwaka 2018 akafikia mwisho. Maonyesho tisa. Mama na binti jikoni, binti amekuja kuaga, anahama nchi, na mama hainui uso kutoka kwenye kazi yake. Hadithi ndiyo hiyo tu. Ukumbi mdogo mmoja wa mjini ukampa siku ya kuusoma mchezo mbele ya watu, waigizaji wameshika karatasi. Aliniambia hilo amenishika mikono yote miwili. Hii ikipita, alisema, mimi bado ni mwandishi. Isipopita, mimi ni mama wa Kituruki anayelisha paka.

Ramadhani ikawa inaelekea ukingoni, na kwa fundi siku hizo hazina mchezo. Kila mtu anataka nguo ya Idi, Wasomali, Watanzania, watoto, wazee, na kila mtu alileta kitambaa jana. Bomba likapasuka juu. Yeye alikuwa anatoka kwenda Cape Town siku nne, kumuona mtu wa kumtafsiria mchezo kwa Kiingereza, kwa hiyo akashusha maonyesho matatu ya mwisho, ambayo hakuwa bado ameyanakili popote, yasilowe. Akauliza ayaweke wapi. Mimi nina kanzu mbili mezani na mteja mlangoni. Nikamwonyesha pembeni kwa kidevu. Weka tu pale.

Pale ndipo ninapoweka mabunda yangu.

Sikuangalia msalaba mwekundu. Niseme kweli, maandishi niliyaona. Niliona penseli, nikasema ameniletea mengine ya kukatia, Mungu ambariki, na nikakata. Mara moja, kama kawaida yangu. Migongo, mikono, kola za kanzu. Fundi mwenzangu Mkongomani wa Yeoville akaja kuazima mikono na migongo ya kanzu za kwaya ya kanisa lao, nikampa. Sisi hatunyimani karatasi. Mabaki nikamkusanyia mlinzi wa mtaani, baridi ile ya Juni, akaongezee moto kwenye pipa lake.

Nilijua baada ya Idi, nilipokuwa nafagia. Kipande cha kola kikanasa kwenye kandambili, nikakiinua. Maandishi safi, mstari kwa mstari, hakuna wekundu popote. Nikageuka kwenye pembe. Patupu. Nikakaa kwenye nguo za watu. Nilimwogopa Mungu, kisha nikamwogopa yeye zaidi, Mungu anisamehe.

Nikafunga duka nikaenda Yeoville. Fundi yule alinipokea kwa furaha zake, "Karibu mama, karibu, kwani iko shida?" Mikono ilikuwa imepunguzwa. "Ilikuwa mirefu sana kwa batoto ya korali, njo nikapunguza." Nikamuuliza vipande alivyovikata viko wapi. Akavuta mfuko chini ya cherehani. "Biko mu sachet, mama. Miye situpangi kitu." Nilimbusu mkono. Alishangaa, mimi mwenye kumsema kila siku kwamba duka lake ni jalala.

Kwangu mimi msafi ndiko kulikopotea. Nilimwendea mlinzi, akanionyesha majivu.

Niliunganisha vipande nilivyokuwa navyo. Kwanza kwa gundi, ikakunjamana. Basi nikaviweka kwenye cherehani, sindano nyembamba, mshono mpana, maana karatasi ukiishona mshono mdogo inachanika yote. Nilikuwa sisomi neno la Kituruki, nikaoanisha mistari kwa macho, kama unavyooanisha maua ya kitambaa kwenye bega. Onyesho la saba likatimia. La nane likatimia, na matundu madogo. La tisa lilibaki na pengo karibu na chini, lenye umbo la kwapa la kanzu.

Ningeweza kunyamaza. Bomba lilipasuka, maji yanaharibu, nani angebisha? Wazo hilo lilinijia, na nikalisikiliza vizuri tu. Lakini aliposukuma mlango na begi lake la safari, kabla hata sijaitikia salamu, likanitoka: "Dada, nimekukatia mchezo wako."

Akadhani ni utani wetu. Nikamtandazia mezani.

Alinitukana kwa Kituruki, nadhani, sikuhitaji mkalimani. Akapanda juu, akashuka, akapanda tena. Nilisimama palepale. Mara ya tatu aliposhuka alivaa miwani, akakaa, akaanza kusoma, kidole kinafuata mishono yangu. La saba. La nane. Akafika kwenye pengo, kidole kikasimama.

"Hapa mama anajibu," akasema. "Binti anamwambia nakwenda, na mama anajibu."

"Anajibu nini?"

"Sikumbuki." Akavua miwani. "Yalikuja mara moja. Niliandika nalia. Nimeyatafuta sasa hivi huko juu, hayapo."

Zilibaki siku tisa kabla ya siku ya ukumbini. Alijaribu nane kati ya hizo. Alinisomea jibu hili, jibu lile, marefu, mazuri, mama anaongea kama wakili. Nikamwambia hapana. Alikasirika, tuligombana kwa haki kabisa, akaniuliza mimi ni nani wa kusema hapana. Nikamwambia, mimi ni binti aliyeondoka, umesahau? Na mama wa hivyo sijamuona.

Akanitazama. "Mama yako alikujibu nini?"

Mambo hayo sikuwa nayasema. Nikamwambia kwamba nilimwambia mama nakwenda Afrika Kusini, basi liko saa tatu, naye alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akaniuliza, "Umekula?"

"Na wewe?"

"Nikasema, ndiyo mama, nimekula."

"Ulikuwa umekula?"

"Wapi! Kingepita wapi?"

Akachukua penseli. Hakuuliza ruhusa, na mimi sikuwa mtu wa kudai kitu siku zile. Nilikata kipande cha kaki chenye umbo lilelile la kwapa, akakiandika, nikakishona mahali pake.

Siku yenyewe nilivaa baibui langu jipya, nikakaa safu ya tatu. Ukumbi ulijaa kiasi. Yeye alikaa mbele pembeni, mgongo umenyooka, mikono chini ya mapaja. Waigizaji walikuwa wawili, wote wa Soweto, na mwenye kusoma mama alikuwa mama mtu mzima, sauti nzito, anachambua maharage ya kweli kwenye sinia. Mbele ya binti wameweka sahani ya chakula iliyofunikwa. Nilifuata kila onyesho. Najisifu: nilijua mishono ilipo.

Likafika. Binti akasema nakwenda. Mama hakuinua uso. Akauliza kwa Kiingereza kama amekula. Watu wachache wakacheka, kisha wakaacha. Na binti, msichana mzuri yule, akatabasamu akasema ndiyo mama, nimekula.

"Muongo!"

Ilikuwa sauti yangu. Kwa Kiswahili, kwa nguvu, ukumbi mzima. Watu wakageuka. Wengine wakadhani ni sehemu ya mchezo. Mwigizaji wa mama, Mungu amlipe, hakutikisika, aliendelea kuchambua maharage yake. Mwandishi wangu aligeuka, akaniona nalia mbele za watu, mimi, na akacheka na kulia pamoja, na hapo nikajua imepita.

Walipiga makofi wamesimama. Mwaka uliofuata mchezo ulichezwa kamili jukwaani, na mavazi nikashona mimi, lakini hayo ni ya baadaye.

Asubuhi ya kesho yake nilipiga simu Tanga kabla sijafungua duka. Mama akaanza na salamu zake ndefu, nyumba kwa nyumba. Nikamkata. Nikamwambia, mama, siku ile naondoka nilikudanganya. Sikuwa nimekula.

"Najua," akasema. "Sahani niliiondoa mimi mwenyewe, wali haujaguswa."