Gari Lisimeze Rangi

Fundi wa rangi wa garaji inayopakana na kwetu, hapa Buyenzi, ni mtu mwangalifu mno. Tangu vita vianze, wenye magari wanataka yawe meupe kama ya mashirika ya misaada, wakiamini kwamba gari jeupe hupigwa risasi kwa adabu. Kabla ya kupuliza, fundi hufunika vioo, taa na matairi kwa magazeti, akilainisha kila ukingo kwa kidole gumba. Kisha hupuliza, pua yake ikiwa wazi. Nyusi zake ni nyeupe, na hata anachokohoa ni cheupe. Patroni, mwenye garaji, humpa maziwa kila jioni, eti yanaosha kifua. Juzi daktari alimpa barakoa, akamwonya kwamba bila hiyo mapafu yake hayatafika Ramadhani. Jana mkewe alikuja kuhakikisha, akaikuta barakoa imefungwa vizuri kwenye tundu la kuvutia hewa la injini ya gari alilokuwa akilipaka.

"Mashine ikimeza hii rangi, itakohoa mu njia," fundi alimweleza kwa upole.

"Na we, Baba Wafa?"

"Mi nakunywaka maziwa," alijibu, akakohoa mpaka akakalia tairi.

Mwenye gari, aliyesikia yote, alifurahi sana, akaahidi kumletea na la pili.