Tulivyopitisha oda ya dripu kwa laini mbovu, Likoni hadi Changamwe

Wakuu, salaam aleikum. Haya yalinikuta mwenyewe, wallahi sitii chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa natunza kompyuta kwenye bohari ya dawa, Changamwe. Zahanati zilituma oda kwa modemu, kupitia laini ya simu. Zahanati ya Likoni, upande wa pili wa kivuko cha feri, aliisimamia Bi Mwanasha, muuguzi mkuu.

(Oda za mdomo tulishaacha. Majina ya dawa yanafanana, ukisikia vibaya unaua mtu.)

Msimu mmoja mvua ilipiga mpaka simu zikawa zinakoroma. Likoni watoto wakaanza kuharisha, dripu zikaisha. Oda ikija inakatika katikati, programu inaitupa yote, tunaanza upya. Asubuhi nzima!

Kuleta karatasi kwa feri, kisha dawa zirudi na feri ile ile, jua lingetua.

Bi Mwanasha akapiga.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wanisikia?"

"Nakusikia!"

"Watoto wamelazwa sakafuni. Dripu... Wanisikia? Sema umesikia, ndipo niendelee."

Nikashtuka. Mama huyu alikuwa haiamini laini hata kidogo. Asema kidogo, angoja jibu, asipojibiwa arudia pale pale. Programu yetu iliamini laini ni nzima!

"Bi Mwanasha, igawe oda vipandepande, kila kimoja ukitume kwa modemu kama oda ndogo yenye namba yake. Nikikipata nakurudishia namba yake. Kimya ukikiona, tuma hicho hicho tena."

"Na kikija mara mbili?"

"Namba nitaiona, cha pili nakitupa."

Tukaanza. Laini ikakatika, tukaunga. Ikakatika tena. Lakini safari hii hatukurudi mwanzo! Kabla ya adhuhuri oda ilikuwa kamili na gari limeshatoka.

Jioni akapiga tena. "Mwanangu, watoto waomba uji."

Nilitoka nje, wakuu, nikalia.

Baadaye nikaiandika njia ile ndani ya programu, zahanati zote zikaitumia.

Miaka ikapita, nikasoma habari za waliounda network za kompyuta za mwanzo huko ng'ambo. Kumbe nao walianzia hapo hapo: chukulia njia itakatika, na kazi ya kuhakikisha ujumbe umefika waachie wa huku anayetuma na wa kule anayepokea. Walitutangulia sana, najua. Lakini sisi tulifika kwa miguu yetu, na hilo najivunia mpaka leo.

Nilichojifunza: ukitengeneza kitu, kitengenezee siku ya mvua.

Mliotumia modemu enzi hizo, laini zenu mlizifanyaje? Semeni, nipo hapa nasoma.