Kalamu ya Uzi

Kazi yangu ni geti. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye kibanda cha nyumba moja ya Loresho, na kila mgeni namwekea daftari: jina, namba ya kitambulisho, saa, sahihi. Hakuna anayelitazama. Wengine huandika huku wanaongea na simu. Nilikuwa nawacheka, mimi mjuaji.

Jumapili moja ya mapumziko, baada ya ibada, nilienda kasino Westlands. Ndiyo, baada ya ibada. Asiye na dhambi na aanze kurusha jiwe. Nilikuwa nacheza mashine yangu kimya kimya mama aliyekaa kando yangu alipopiga kelele kwamba simu yake imeibwa. Mabaunsa wawili walitazama viatu vyangu, wakanishika makwapa, wakanipeleka chumba cha nyuma ya jikoni. Walinivua shati na suruali.

"Mimi pia ni soja, mlinzi wa geti," niliwaambia. "Iteni polisi."

Jibu likawa kofi la sikio la kushoto, halafu jingine palepale. Nilimwita Mungu, nikamwita mama yangu aliye kaburini. Sioni haya kusema nililia.

Simu ilipatikana kwenye gari la yule mama.

Ghafla nikawa mzee. Walinirudishia nguo, wakaniletea chai ya maziwa, na mmoja akanishikisha ubao wenye karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Pole mzee, ni kazi tu. Weka jina, ID na time ya kutoka, halafu sign hapa chini."

Hata kalamu yangu ya getini imefungwa uzi hivyo hivyo. Mkono ulijiendea wenyewe. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi, nikashukuru kwa chai. Hilo la kushukuru linaniuma hadi leo.

Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka. Wakili wa msaada wa bure kule mjini, mama mpole, alinipa moyo: mlinzi wa kasino hana ruhusa ya kumvua mteja nguo wala kumpiga, akimshuku, aite polisi. Nilitaka jambo moja tu, hakimu aseme kwa sauti kwamba nilionewa.

Baada ya wiki tatu wakili akaniita tena. Mezani palikuwa na nakala ya ile karatasi. Alinisomea upande wa sikio zima: nimekubali kupekuliwa kwa hiari yangu, sikupigwa na mtu, sina malalamiko.

"Hii sahihi ni yako, baba?"

"Ni yangu."

"Ulisoma?"

"Nilidhani ni kitabu cha kutoka."

Alivua miwani. Alisema tunaweza kujaribu, lakini hakunitazama usoni.

Jioni hiyo mgeni alipiga honi getini nisisikie, mpaka akashuka kugonga kwa ngumi. Nikampa daftari. Alipoinamisha kalamu nikamshika mkono.

"Soma kwanza," nilimwambia.

Akacheka, akatia sahihi.