Ulanzi wa Baba Zawadi

Siku mbunge wetu alipopigwa risasi, mwanangu, naikumbuka vizuri, maana saa ile nilikuwa nakunywa ulanzi wa wizi.

Nilikuwa kijana huko Kilolo, mke wangu ana mimba ya kwanza. Jirani yetu, Baba Zawadi, alikuwa na mianzi mizuri ya kugema pombe hiyo kuliko sisi wote. Jioni ile nilijipenyeza upande wa bondeni, nikashusha mbeta, kile kikopo cha mwanzi kinachokinga ulanzi, nikanywa. Mwenyewe alikuwa upande wa juu anagema, anaimba nyimbo za kanisani. Mara tukasikia milio miwili kutoka barabarani, mbali. Nikakimbia.

Mbunge alipona. Risasi ilimpata begani, wakamkimbiza Mbeya. Waliompiga hawajajulikana mpaka leo. Lakini Baba Zawadi alikuwa amebishana naye mkutanoni mchana kuhusu mbolea, basi akakamatwa, akawekwa mahabusu Iringa. Alisema alikuwa anagema. Wakamuuliza nani alimwona, akasema hakuna.

Nami nikanyamaza. Kwetu mwizi wa ulanzi hata harusini haalikwi. Nikaona aibu yangu ni kubwa kuliko jela ya mwenzangu. Ndivyo nilivyofikiri, sikufichi.

Baada ya miezi mitatu mbunge akaja kanisani kwetu kushukuru, mkono ukiwa bado umefungwa, tukampigia makofi. Mama Zawadi alikaa benchi la nyuma peke yake. Hakuna aliyetaka kukaa naye. Hapo nikashindwa. Kesho yake nikapanda basi mpaka Iringa, nikawaeleza polisi yote. Walicheka kwanza, ndipo wakaandika. Wiki iliyofuata wakamwachia.

Alikuta mianzi imekomaa, haigemeki tena, msimu umempita. Nikaenda kumwomba radhi.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Nilikuona ukinywa."

"Sasa Baba, mbona hukunitaja?"

"Wale walikuwa wanatafuta watu wa kukamata. Ningekutaja, wangesema tulikuwa wawili. Na mkeo yuko vile."

Nililia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu.

Basi ukijua jambo la kumwokoa mtu, liseme siku hiyohiyo, hata kama litakuchafua. Mimi nilichekwa majuma mawili tu, watu wakachoka. Miezi mitatu ya Baba Zawadi hakuna aliyemrudishia. Mungu akupe kinywa chepesi kwa kweli. Akupe na jirani kama yule, ila usije ukamfanyia nilivyomfanyia mimi.